Mguu Ulikuwa wa Moto, Wifi

Wifi Minza,

Hali yako siulizi, huko uliko hakuna presha wala palizi. Na yangu usiulize. Nimekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, mguu wa kulia umefungwa plasta kutoka chini ya goti mpaka vidoleni, mzito kama kinu. Nzi wanatua juu yake na mimi siwasikii. Cheka kwanza, umalize, halafu unisikilize.

Umemaliza? Haya.

Nina ugomvi na wewe. Uliondoka vibaya. Mtu asubuhi anapepeta mtama na kutukana kuku, mchana tunaambiwa presha imempanda, jioni tunaambiwa ni marehemu. Wewe uliyekuwa ukitugombeza tukichelewa uwanjani, wewe ndiye uliyeondoka bila kuaga! Ungekuwepo, haya yote yasingenipata, kwa sababu mikono yako nisingeidanganya. Najua kumlaumu maiti si adabu. Nimeshaandika, sifuti.

Unajua walisema nini kwenye matanga yako? Walisema mbio ndizo zilizokuua. Yule mzee wa ukoo wenu, mwenye sauti kama debe, alikaa pale na nyama mdomoni akasema, "Bibi mwenye wajukuu anakimbia alfajiri kama anafukuzwa na fisi, moyo utaacha kupasuka?" Na watu wakaitikia. Watu wazima, wifi, wanaitikia!

Mimi nilikuwepo siku ile zahanati walipokuambia presha yako inataka kutembea. Ulitoka mlangoni ukanishika mkono, ukasema, "Twende tutembee, na wewe unanenepa bure." Tukatembea. Kutembea kukawa mwendo wa haraka, mwendo wa haraka ukawa mbio, mbio zikawa kikundi cha jogingi cha akina mama, na mpira wa kupima presha ukaanza kukupa majibu mazuri. Siku zile za nyongeza ulizoishi ukimtukana kuku, mbio ndizo zilizokupa. Hilo najua mimi, na mganga wa zahanati anajua.

Basi nikasimama matangani na mwiko mkononi, nikasema mbele ya ukoo wote: "Minza alijiandikisha kukimbia zile kilomita arobaini na mbili. Nitazikimbia mimi. Zote. Na sitakufa."

Nikajisikia vizuri mno. Nadhani ubaya ulianzia hapo, kwenye kujisikia vizuri.

Wifi, wewe unanijua. Sisi wa Migato ni watu wa jembe. Nyie wa Bukundi mlikua mnafuata ng'ombe, mnasimama, mnaangalia, mnapiga mluzi, mnaangalia tena. Mimi nilikua kwenye mstari wa bugobogobo, ngoma inapigwa nyuma yenu, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na mtu akinyoosha mgongo kabla ya kufika mwisho wa shamba anaimbwa. Wanamtungia wimbo hapo hapo, na jina lake limo. Dada yangu aliimbwa mara moja tu, na mpaka anaolewa watu walikuwa wanaukumbuka. Kwa hiyo mimi nilijifunza mapema kwamba mwili wa mkulima hausikilizwi, unaimbiwa. Kiuno kikiuma unaimba. Mkono ukitoka malengelenge unaimba. Siku ya tatu maumivu yanaona aibu, yanaondoka yenyewe.

Na kwa jembe ni kweli. Sikudanganywa. Ila kwa mbio si kweli, na wewe uliniambia, tena mara nyingi, na mimi nikawa natikisa kichwa kama mtu anayesikia.

Nakukumbuka pale uwanjani, bado giza giza, akina mama wamejipanga na suruali zao ndani ya kanga kama watu waliotoroka harusi. Wewe unachuchumaa mbele ya kila mmoja. Unapitisha mgongo wa mkono kwenye ugoko, kulia, kushoto, kulia tena. Unabonyeza kisigino kwa kidole gumba. Kama baba yenu alivyokuwa akiwapima maksai kabla ya kuwafunga nira. Wanawake walicheka siku za kwanza. Ng'washi anayeuza michembe ya viazi, unamjua mdomo wake, akasema, "Mayu, ukimaliza unitazame na meno, ujue kama nafaa kununuliwa." Wewe hukucheka. Ulimwambia, "Maksai akichoka, anachoka miguu yote. Akichechemea mmoja, mfungue nira." Na siku ile ile ukamkuta mguu mmoja una joto na mwingine hauna, ukamwambia leo unatembea. Akabisha. Ukamwambia utatembea au utarudi kwenye michembe yako. Akatembea. Wiki hiyo hiyo mguu ukapoa, naye akawa wa kwanza kunyoosha mguu kila alfajiri.

Ukamfundisha na mkamwana wangu Kabula. Mimi nilikuwa naona, mmechuchumaa wawili, wewe na mke wa Masanja, mnaongea taratibu kuhusu mifupa ya watu. Nilisikia wivu kidogo. Nikajisemea kwamba ni mambo ya watu wa ng'ombe, Bukundi na Mwanhuzi wamekutana. Yeye ana mikono ya kukamua, myepesi. Yangu imeota sugu, hata chai ya moto naishika bila kitambaa. Mkono kama huu utasikia joto la nani?

Lakini ulipokufa, nani alichuchumaa? Mimi. Kwa sababu mimi ni mkubwa, na mimi ndiye niliyesimama na mwiko. Nikawa napitisha mkono wangu wa sugu kwenye miguu ya watu, sisikii kitu, nasema, "Mzima. Mzima. Mzima." Baada ya muda mfupi Ng'washi akasema mbele ya wote, "Mayu, mbona siku hizi sote ni wazima? Hata mimi niliyejikwaa jana?" Wakacheka. Kazi ikaenda kwa Kabula. Nikasema sawa, mimi ni kiongozi, nitasimamia. Nikasimamia kwa kelele, unanijua. Aliyechelewa nilimgombeza, aliyekuja na kandambili nilimrudisha, aliyeficha maumivu nilimtukana mpaka ukoo. Mimi, wifi. Mimi ndiye niliyekuwa nawatukana wanaoficha.

Mguu wangu ulianza kuuma kwenye mbio ndefu za Jumamosi, zile tunazoongeza kidogo kidogo. Wewe ulisema tuongeze kama mtu anayeongeza maji kwenye ugali, ukizidisha umeharibu. Mimi niliongeza kama mtu anayezima moto. Nilitaka arobaini na mbili zinikute tayari. Na nilikimbia juu ya lami, siyo kwenye vumbi la pembeni, kwa sababu kwenye lami watu wananiona vizuri.

Yalikuwa maumivu madogo. Kwenye ugoko, mahali pamoja, padogo kama punje ya hindi. Nikikimbia yanakuja, nikikaa yanaondoka. Nikayaimbia. Baadaye nikikaa yakawa hayaondoki. Nikachua na samli. Nikachua na mafuta ya mbegu za pamba. Nikasema ni uzee, nikasema ni baridi, nikasema ni wivu wa watu. Jina lake lenyewe sikulitaja.

Ng'washi ndiye aliyeona. Mwenye mdomo mrefu huwa na macho marefu pia. Akaniuliza alfajiri moja, wote wakisikia: "Mayu, sisi wote tunashikwa. Wewe nani anakushika?"

Ningesema ukweli hapo, tungetembea wote siku ile, na leo ningekuwa nimesimama. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Tangu lini mkamwana akamshika mkwe wake mguu mbele za watu? Kwenu hamna adabu?"

Kabula akaangalia chini. Heshima ya ukwe nimeikuta, sikuitunga mimi, na wewe unajua ninavyoishika. Siwezi hata kula naye nikiwa sijavaa kitambaa kichwani. Lakini siku ile sikuishika kwa heshima. Niliivuta nikajifunika, kama mtu anavyovuta shuka kuficha alichoiba.

Ng'washi hakukubali. Aliacha siku chache zipite, akarudi. "Sheria ni ya Minza, siyo yangu. Anayekataa kushikwa, Jumamosi hakimbii zile ndefu. Hata awe mama yake mkuu wa mkoa." Na wote wakasema ndiyo. Nikaona nimebanwa. Nikisema hapana, nimekiri. Nikikubali, Kabula atasikia joto. Ule mguu ulikuwa unawaka, wifi, hata mimi na sugu zangu nilikuwa nausikia.

Nikasema, "Haya. Jumamosi atanishika."

Sasa andaa masikio yako, maana hapa ndipo ninapotaka ardhi inimeze.

Unakumbuka ule mnada wa Bukundi, wewe na mimi tulipokwenda kumtafutia kaka yako maksai? Yule mchuuzi mwenye kofia ya pama, anamsifia ng'ombe wake, na wewe ukashika mguu ukakuta ubaridi wa ajabu, na katikati ya kwato kuna tope bichi. Ukapiga kelele mnada mzima ukageuka. "Mwizi wewe! Huyu ng'ombe mlemavu, umemsimamisha mtoni tangu asubuhi ili mguu upoe!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yule mtu aliondoka na ng'ombe wake, watu wanamzomea, na mimi nikawa miongoni mwa waliozomea kwa sauti kubwa.

Jumamosi ile niliamka kabla ya Kabula. Nikaenda kwenye mtungi uliolala nje na umande. Nikaloweka kitenge chakavu, nikakifunga kwenye ugoko, nikakaa juu ya kinu natetemeka. Kikipata joto nakiloweka tena. Na sikuwa mjinga. Nilijua Kabula atalinganisha kulia na kushoto, kwa hiyo nilipoza yote miwili. Nikaikausha vizuri na kanga, nikavaa suruali, nikavaa raba, nikaenda uwanjani nikiwa naimba wimbo wa kanisani.

Mimi, Holo, binti wa watu wa Migato. Nimejipeleka mnadani mwenyewe, mimi ng'ombe na mimi mchuuzi.

Kabula alichuchumaa. Alisema "samahani, mama" kwanza, ndipo akanigusa. Akapitisha mkono kulia. Akapitisha kushoto. Akarudi kulia, akakaa pale. Halafu kidole gumba chake kikatembea kwenye ugoko polepole, kikafika pale penye punje ya hindi, kikasimama. Alibonyeza kidogo tu. Niliuma meno nikaendelea kuimba.

"Panauma, mama?"

"Nani kakuambia panauma?"

Wote walikuwa wanangoja. Halafu akasema chini chini, "Basi. Uko sawa, mama."

Tulikimbia. Mwanzoni nilikimbia vizuri, hata nikawagombeza walio nyuma. Tulipofika kwenye ule mteremko wa darajani, watu wa mnada wanapita na mifugo yao, nikasikia kitu ndani ya mguu. Siyo kwa sikio. Nilisikia kwa meno. Kama bua kavu unapolikanyaga. Nikaenda chini, wifi, kifudifudi, kanga huku, mimi kule, na mbuzi wa watu wakanizunguka kama jiwe.

Hapakuwa na bajaji. Palikuwa na mkokoteni wa ng'ombe umebeba viroba vya mashudu. Wakanipandisha juu ya mashudu. Kwa hiyo niliingia Bariadi mjini asubuhi ya mnada, nimelala juu ya chakula cha ng'ombe, navutwa na maksai wawili wazima miguu yote. Mtu mmoja akaniamkia kwa adabu kabisa, "Mwangaluka, mayu," halafu akamgeukia mwenye mkokoteni, "Huyu umemnunua au anarudishwa?" Nilijifunika kanga usoni. Nilikuwa sijawahi kujifunika uso barabarani tangu siku ya harusi yangu.

Hospitalini wakanipiga picha. Daktari, kijana mpole, akainua ile picha kwenye mwanga akasema, "Mama, huu ufa haukuanza leo. Mfupa huu umelia muda mrefu. Ulikuwa husikii maumivu?"

Nikasema, "Sikusikia."

Kabula alikuwa amesimama pembeni ameshika raba zangu.

Wifi, kuvunjika mguu siyo aibu. Watu wanavunjika wakianguka chooni. Aibu ni kilichofuata. Yule mzee wa ukoo amefurahi kama mtu aliyevuna. "Si nilisema? Mmoja zimemuua, wa pili zimemlemaza." Sasa jina lako linatajwa tena pamoja na langu, kama mifano ya wanawake wajinga. Niliapa kulisafisha jina lako, nikalipaka mashudu.

Na kibaya zaidi ni Kabula. Watu walijua kwamba yeye ndiye aliyeshika mguu wangu asubuhi ile akasema uko sawa. Ikaenea. Mama mmoja wa kikundi, sitamtaja maana mengine nitakuambia mbele, alimwambia kisimani, "Mikono yako peleka kwa ng'ombe, binadamu hujui." Wengine wakaacha kunyoosha miguu kwake. Akaacha kwenda uwanjani. Akaniambia tu, "Nitakaa na wewe, mama, unahitaji mtu." Siku ya mbio zenyewe ilifika ikapita. Ng'washi alikwenda na wenzake wachache, wakakimbia zile fupi. Kabula alikuwa amejiandaa mwaka mzima kukimbia nusu ya zile kilomita, Masanja akamtumia raba kutoka Mwanza, na siku ile alikuwa hapa nyumbani, ameshika beseni, ananiogesha.

Ananiogesha, wifi. Mimi niliyesema mkamwana hashiki mguu wa mkwe. Amenishika mgongo, amenishika makwapa, amenipeleka chooni. Hajasema neno. Hajanuna. Ningependa anune, ningepata pa kumgombezea.

Na mimi nikanyamaza. Nilisikia anavyosemwa, nikanyamaza. Kila asubuhi nilisema leo nitasema, na kila jioni nilikuwa nimemgombeza kwa ajili ya chumvi.

Mpaka juzi. Alikuwa ananikausha ule mguu mzima, wa kushoto. Akaushika kidogo mkononi, kama anaupima. Akasema bila kuniangalia, "Mama, siku ile miguu ya wote ilikuwa na joto la kutoka kitandani. Ya kwako ilikuwa baridi. Yote miwili. Kama ya mtu aliyetoka kuvuka mto."

Nilitafuta pa kuangalia nikakosa. Nikasema, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukusema?"

Akasema, "Ningesimamaje mbele za watu niseme mkwe wangu ni mwongo?" Halafu akakunja taulo, akaongeza, "Nilidhani utaniambia njiani. Ndiyo maana nilikimbia nyuma yako."

Wifi Minza, yule mtoto anakimbia kama swala. Siku ile nilimwona yuko nyuma yangu njia yote nikadhani amechoka. Nikamgombeza! Nikamwambia, "Kabula, inua miguu hiyo, unatutia aibu!" Kumbe alikuwa ananilinda nisianguke peke yangu. Alijua ninaanguka. Akabeba uongo wangu kwenye jina lake, akaubeba mpaka kisimani, akatukanwa nao, akarudi na ndoo ya maji akaniogesha.

Nimezaa, nimezika, nimelima pamba miaka yangu yote, sijawahi kujiona mdogo namna ile. Nilitaka kumwambia samahani. Neno hili nimewafundisha wajukuu wote kwa fimbo, na mimi mwenyewe sijui linaanzia wapi mdomoni. Nikamwambia, "Taulo hilo limechakaa." Ndicho nilichosema. Taulo limechakaa.

Usiku ule sikulala, na sikuwaza mguu.

Leo alfajiri nikamwambia aite bajaji, anipeleke uwanjani. Akadhani nimechanganyikiwa. Nikamwambia, "Ita bajaji au nitajikokota." Tukaenda. Walikuwepo wachache, wamesimama kama kuku wa mvua, hakuna wa kuwashika miguu, kila mmoja anajinyoosha kivyake. Kabula alibaki kando ya bajaji, mikono ndani ya kanga. Nikasimama na magongo katikati yao.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yalikimbia yote. Nikasema, "Mguu wangu ulikuwa wa moto. Niliupoza na maji ya mtungi. Kabula alijua, akanificha kwa sababu ana adabu, na mimi sina. Aliyemtukana, amenitukania bure. Anirudishie mimi matusi yangu."

Mwenye bajaji alizima injini.

Ng'washi akaniangalia chini mpaka juu. "Kwa hiyo ulitupeleka mnadani, mayu."

"Niliwapeleka."

"Na bei yako ilikuwa ndogo sana."

Wakacheka. Wifi, walicheka mpaka wakashika magoti, na mimi nikasimama pale nachekwa, magongo yananikata makwapa, machozi yananitoka na sikuyafuta. Hawakucheka wote. Mmoja aliokota kanga yake akaondoka bila kuaga, naye namwelewa, nilimtukana vibaya siku aliyoficha kisigino chake. Sijui kama atarudi. Sitamtuma mtu kumbembeleza, nitakwenda mwenyewe, nikitembea.

Yule wa kisimani naye hakucheka. Alivua raba, akavuka uwanja peku mpaka kwenye bajaji, akaweka mguu wake mbele ya Kabula. Akasema kwa ukali, maana aibu ina ukali, nimejifunza, "Haya, shika. Huyu mkwe wako alikuwa na mguu wa kuazima. Huu ni wangu."

Kabula alingoja. Nikadhani atakataa, na angekuwa na haki. Halafu akachuchumaa. Kulia, kushoto, kulia tena. Akainua uso akasema, "Wewe leo unatembea."

Yule mama akafungua mdomo abishe. Akaniona mimi na plasta yangu. Akaufunga mdomo, akaenda kutembea.

Tuliporudi nyumbani nilijaribu tena lile neno. Nilisema, "Kabula mwanangu, mimi..." Akaleta mto. "Inua mguu, mama," akauweka chini ya kisigino, akaenda kupika. Nadhani alisikia. Lakini kusikia kwake siyo kusema kwangu, nitamwambia lote, mpaka mwisho wake, kabla Masanja hajaja, nisije nikajificha nyuma ya mwanangu.

Sasa la kwako. Ile ahadi niliyoitoa kwenye matanga yako naifuta. Arobaini na mbili sitazikimbia. Daktari anasema mfupa wa umri wangu unaunga polepole, na habari za kukimbia tutaongea mwakani, tena labda. Nilitaka kumjibu, nikameza. Nitakwenda kwa yule mzee wa ukoo mwenyewe nimwambie mbele za watu kwamba nimeshindwa, na kwamba kilichonivunja ni kiburi changu, siyo mbio, na wewe mbio hazikukuua. Atacheka. Acha acheke, mradi asikutaje wewe. Nilidhani ninakukimbilia wewe, wifi. Nilikuwa nakimbia nisiimbwe.

Umenikumbuka? Mimi nimekukumbuka. Hakuna wa kuniambia nanenepa bure.

Plasta ikitoka nitakuja kaburini kwako kwa miguu. Nitakuja pembeni, kwenye vumbi, polepole kama ulivyotaka. Nitaegemea gongo, na gongo likishindwa nitaegemea bega la Kabula mchana kweupe, watu wakiona. Na kabla hatujatoka nitamnyooshea mguu ukiwa na joto lake lote. Akiniambia tugeuze, tutageuza, hata kama nimeshauona msalaba wako.

Lala, wifi. Usinisubiri umesimama.

Ni mimi, wifi yako mwenye kichwa kigumu,
Holo